Zamani Hapakuwa na Chunusi

Msichana alihesabu nyuso mia mbili na kumi na mbili, na hakuona chunusi hata moja.

Alikuwa na miaka kumi na sita. Nyumbani walimwita Swali, kwa sababu zilizo wazi kwa yeyote aliyewahi kukaa naye meza moja. Mwalimu wake wa baiolojia alikuwa amewaagiza wanafunzi wachague jambo moja la mwili wa binadamu linalodaiwa kubadilika tangu zamani, kisha walichunguze kwa ushahidi, si kwa masimulizi. Wenzake walichagua urefu, meno, uzito. Swali alichagua chunusi, naye hakulazimika kueleza kwa nini. Zilimwanzia kwenye paji la uso akiwa na miaka kumi na minne, zikashuka mashavuni, na sasa nyingine zilikuwa mavimbe chini ya ngozi, makubwa kama punje za mahindi, yaliyomuuma hata akilaza shavu kwenye mto.

Ushahidi ulikuwa chumbani kwa babu yake. Mzee huyo, mzazi wa baba yake, aliendesha studio ya picha kwa miaka thelathini na mmoja. Alipoifunga alihamia kwa mwanawe na masanduku saba ya picha, kila picha ndani ya bahasha yake pamoja na filamu iliyotoa picha hiyo, na juu ya bahasha tarehe na umri wa aliyepigwa. Mtaani walimwita Penseli. Wengi walidhani ni kwa ajili ya wembamba wake.

Swali alifanya kazi kwa utaratibu. Alitoa picha za watu wa miaka kumi na mitatu hadi ishirini na miwili tu. Aliziondoa zenye ukungu, na zile ambazo uso ulikuwa mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Zilizobaki alizipitia moja moja chini ya lenzi, Jumamosi mbili mfululizo, akiweka alama kwenye daftari.

"Babu, huyu naye hana."

"Hana," Babu alisema.

"Na huyu mwenye tai? Mashavu kama yai la kuchemsha."

"Huyo mtoto wa mwashi. Alijipenda huyo, alikuja na kitana chake mwenyewe."

"Hata kovu hana. Mlikuwa mnakula nini nyinyi?"

"Tulichokipata."

Lenzi ilikuwa ya Babu. Ni yeye aliyeifuta vumbi akampa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, akingoja kuona kama jicho kali la mtoto litagundua mahali popote alipopitisha mkono wake. Halikugundua. Kazi ya miaka thelathini na mmoja ilikuwa inakaguliwa na mkaguzi asiyejua anakagua nini, nayo ilikuwa inafaulu. Babu aliona raha, na kwa ajili ya raha hiyo akanyamaza.

Alichokijua ni hiki. Picha za wakati ule zilitoka kwenye negativu, kipande cha filamu ambacho juu yake kilicho cheupe huonekana cheusi, na cheusi huonekana cheupe. Chunusi, kwa wekundu wake, ilitoka kwenye picha kama doa jeusi. Kwenye negativu ilikuwa kitundu cha mwanga. Fundi alipaka vanishi nyepesi juu ya filamu, akailaza kwenye kioo kilichopitisha mwanga wa dirishani kutoka chini, kisha akachukua penseli ngumu aliyoinoa kwa msasa hadi ncha ikawa kama sindano. Kwa penseli hiyo alikijaza kitundu vistari vidogo vidogo mpaka kikalingana na ngozi iliyokizunguka. Babu aliiita kazi hiyo kulainisha. Uso wa kijana mmoja ulimchukua dakika kumi, wakati mwingine saa nzima. Hakuna kijana aliyetoka studioni na uso ambao haukulainishwa, na hakuna aliyeambiwa. Wenyewe walisema kamera yake ina huruma.

Ripoti ya Swali ilipata kumi na tisa kwa ishirini. Baba yake aliisoma kwa sauti mezani. Alikuwa mpima ardhi, mtu wa vipimo, na kitu chenye tarakimu kilimwingia akilini zaidi kuliko mawaidha.

"Mia mbili na kumi na mbili kwa sifuri," alisema. "Hizi si hadithi za kijiweni. Hii ni hesabu. Sasa mnaona? Ni vyakula hivi. Mafuta, sukari, vitu vya pakiti. Wenzetu hawakula takataka, ngozi zao zikawa safi. Ya kale dhahabu."

"Mimi bado nasema tumpeleke kwa daktari wa ngozi," mama yake Swali alisema.

"Daktari atamzuia kula? Tumwondolee kwanza kinachomdhuru, halafu tuone. Mtazame bibi yake pale."

Wote walitazama ukutani. Bibi alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Kwenye picha alikuwa na miaka kumi na tisa, shingo imenyooka, uso laini kama mtungi mpya.

"Mke mwenzangu alikuwa mrembo, jamani," Swali alisema. Ndivyo alivyozoea kumtania bibi yake tangu akiwa mdogo. "Na yale mashimo aliyokuwa nayo mashavuni uzeeni?"

"Tetekuwanga," baba alijibu. "Ilimpata baada ya kuolewa. Si ndiyo, mzee?"

Walimgeukia Babu.

"Ndivyo alivyosema," Babu alijibu.

Jibu hilo lilikuwa kweli, neno kwa neno.

Mwezi wa kwanza Swali aliacha vya kukaangwa na vya sukari. Mwezi wa pili aliacha maziwa, kwa sababu msichana mmoja darasani alisema maziwa ndiyo mzizi wa mambo. Chunusi hazikupungua, naye hakuona hiyo kuwa sababu ya kuushuku utafiti wake. Aliona kwamba hajaacha vya kutosha. Mayai yakafuata, mkate, karanga, na hatimaye maharage, yaliyokosa hatia yoyote. Alinawa uso mara sita kwa siku kwa sabuni ya kufulia. Alikuwa na jedwali. Safu moja ilikuwa ya vyakula, nyingine ya chunusi mpya, na kila wiki alichora mstari na kutafuta la kukata.

Mama yake alikuwa mshonaji. Cherehani ilikuwa sebuleni, chini ya dirisha. Mwezi wa nne aliipunguza sketi ya shule ya binti yake kiunoni sentimita tatu. Mwezi wa sita akaipunguza nne. Mwezi wa saba aliiweka mapajani, akaikunjua, akaikunja tena, asiishone.

"Baba," alimwambia mkwewe, aliyekuwa akisoma gazeti. "Kitambaa kimeisha hapa. Nikipunguza tena mifuko itakutana nyuma."

"Mtoto anakua."

"Wanaokua huongezewa, Baba, hawapunguziwi." Alichomoa pini mdomoni. "Wewe umepiga picha vijana nusu ya mji huu. Hivi kweli hukuona hata mmoja mwenye uso kama wa huyu?"

Babu alilikunja gazeti.

"Ni siku nyingi," alisema.

"Siku nyingi. Lakini mtoto wa mwashi na kitana chake unamkumbuka."

Babu alilikunjua tena gazeti. Mkwewe alimtazama kidogo, kisha akakanyaga cherehani, na mazungumzo yakaishia hapo.

Sababu aliyojipa Babu ilikuwa kiapo. Mkewe aliingia studio kwa mara ya kwanza akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, anataka picha ya kuombea kazi, mtandio umefika chini ya macho. Alipoutoa, Babu alitazama pembeni kwanza, kama mtu aliyefungua mlango usio wake. Mtaani kwao walimwita Kokoto. Kulainisha uso ule kulimchukua saa moja na dakika ishirini. Alipokuja kuchukua picha, msichana aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Huyu si mimi. Lakini nitamchukua."

Mwaka uliofuata walioana. Alipopata mimba ya kwanza alimwapisha mumewe. Watoto wake wasije kujua. Mashimo yalikuwa ya tetekuwanga, basi. "Nilichekwa vya kutosha," alisema. "Nikifa hiyo picha ndiyo ibaki." Babu alikula yamini, na kwa miaka hamsini hakuwa na sababu ya kuivunja.

Lakini kiapo kilimhusu mwanamke mmoja. Nyuso mia mbili na kumi na moja zilizobaki hazikuwa na kiapo. Angeweza kusema habari zake siku yoyote kwa sentensi moja. Hilo Babu alilijua, na kila siku iliyopita iliifanya sentensi hiyo kuwa ngumu zaidi, kwa kuwa sasa ingebidi aeleze pia kwa nini hakuisema jana.

Mwezi wa nane Swali alianguka shuleni, kwenye foleni ya asubuhi. Baba yake alikuwa kazini nje ya mji, mama yake hakupokea simu kwa kelele za cherehani, kwa hiyo shule ilimpigia Babu. Alikwenda kumchukua. Alipomshika mkono kumwinua kwenye benchi aliuhisi mfupa wote wa mkono, kutoka kiwiko hadi kiganja.

Zahanati ilikuwa mkabala na shule. Daktari, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi, alimpima Swali uzito, akampima tena kwa mizani nyingine. Kisha akamgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha. Baba yake, aliyepigiwa simu na Babu, alifika wakati huo, viatu vina udongo mwekundu.

"Unakula nini?" daktari aliuliza.

Swali alimwambia. Haikuchukua muda.

"Nani amekuambia uache vyote hivyo?"

"Nimefanya utafiti."

"Aha. Na utafiti umekuambia uzirai?" Daktari alivuta kadi. "Hizi ni chunusi kali. Aina hii mara nyingi hutembea kwenye ukoo. Kuna mtu nyumbani aliyewahi kuwa nazo? Baba, mama, shangazi, bibi?"

"Upande wa mama yake hakuna," baba alisema. "Upande wangu pia hakuna, na huko tuna uthibitisho wa picha. Mzee hapa ndiye aliyezipiga."

Daktari alimtazama Babu. Babu alitazama kadi. Kalamu ikaandika *hakuna*, na daktari akaipigia mstari chini, kama wanavyofanya watu nadhifu.

"Kwa hiyo ni mimi," Swali alisema.

"Wewe nini?" daktari aliuliza.

"Ni mimi tu. Ukoo mzima hauna, zamani hawakuwa nazo. Kwa hiyo ni kitu ninachofanya mimi."

Alisema hivyo bila machozi, kwa sauti ya mtu anayesoma mstari wa mwisho wa hesabu. Daktari alianza kumweleza kuwa sivyo, lakini Swali alikuwa akimsikiliza kwa adabu tu, kwa sababu ushahidi wake ulikuwa nyuso mia mbili na kumi na mbili, na daktari alikuwa na maneno.

Asubuhi iliyofuata Babu alifungua sanduku la tatu. Alitoa bahasha, akatoa negativu, akaweka mezani pamba na chupa ya tapentaini. Kisha akamwita mjukuu wake.

"Kaa. Shika hii kwa pembe. Usiielekeze kwenye mwanga moja kwa moja, ilaze hivi, utazame kwa upande."

Swali aliilaza. "Kuna mikwaruzo."

"Si mikwaruzo. Ni penseli."

Alimweleza kazi yote, kuanzia vanishi hadi msasa. Hakupamba na hakuomba radhi, kwa kuwa alijua akianza kuomba radhi hatamaliza. Swali hakumkatiza, na hilo lilikuwa jambo geni.

"Nani huyu?" aliuliza mwishowe.

"Bibi yako. Hiyo ndiyo iliyotoa picha ya ukutani."

Babu alilowesha pamba kwa tapentaini, inayoyeyusha vanishi. Mkono wake ulikuwa umefanya kazi ya namna hii maisha yake yote, ingawa kwa kujaza, si kwa kufuta. Alipitisha pamba mara moja, akaibadilisha, akapitisha tena. Kijivu kikatoka kwenye pamba. Kisha akaiinua negativu dirishani, naye Swali akaileta lenzi mwenyewe.

Kwenye mashavu na kidevu, ngozi ilijaa vitundu vya mwanga.

Alihesabu. Babu alisikia midomo yake ikienda.

"Arobaini na tatu," Swali alisema. "Upande wa kushoto zimeungana, siwezi kuwa na hakika. Mke mwenzangu." Aligeuka kumtazama Babu. "Si tetekuwanga."

"Hapana."

"Na wale wengine? Mtoto wa mwashi?"

"Huyo alikuwa na kama kumi, shingoni zaidi."

"Wote walikuwa nazo?"

"Wote niliwalainisha. Wengine nilifuta kivuli tu, au kovu la kuanguka. Waliokuwa na chunusi sikuwahesabu."

"Nusu? Robo?"

"Sijui, mjukuu wangu. Nikikutajia namba nitakuwa nimeitunga. Na kuna wengine waliokuwa na nyuso mbaya zaidi ambao hawakuja kabisa. Nani anatoka nyumbani kwenda kupigwa picha ya uso anaouficha?"

Swali aliweka lenzi chini.

"Kwa hiyo hatujui kama zamani zilikuwa nyingi kama leo."

"Kwa picha zangu hutajua. Zilikuwepo. Zaidi ya hapo picha zangu hazisemi kitu."

"Ningeandika hivyo ningepata kumi na tisa vilevile." Sasa sauti yake ilikuwa imepanda. "Ulinipa lenzi, Babu. Ulikaa hapo hapo. Nilikuuliza mlikuwa mnakula nini, ukanijibu."

"Nilikujibu."

"Kwa nini?"

Angeweza kutaja kiapo. Kilikuwa karibu, na ni kitu cha heshima.

"Nilifurahi kwamba hukuona kazi yangu," alisema.

Swali alimtazama kwa namna aliyokuwa akizitazama zile picha, karibu na bila haraka. Kisha akasimama, akaufungua mlango na kuita, "Baba! Njoo usikie, Babu ana neno."

Baba yake alikuja na kikombe mkononi. Babu akaeleza mara ya pili, na mara hii ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu ilibidi amwambie mwanamume wa miaka hamsini kwamba tetekuwanga ya mama yake haikuwahi kuwepo. Baba aliinua negativu dirishani, akaishusha.

"Miezi minane," alisema. "Nimemnyima mtoto chakula miezi minane kwa maneno yako."

"Hayakuwa maneno," Babu alisema.

"Basi kwa kimya chako. Afadhali ungesema uongo, mzee, uongo mtu anaweza kuushuku." Alitaka kuongeza neno, akamtazama binti yake, akaacha. "Na mama. Mtoto mwenyewe aliuliza habari za mashimo yale mbele yangu, wewe upo, mimi nikajibu kama kasuku."

Siku hiyohiyo walirudi zahanati, watatu. Babu alisema mwenyewe: bibi wa mtoto, mzaa baba, chunusi kali kuanzia miaka kumi na mitano hadi ishirini na sita, makovu maisha yake yote. Daktari alilikata neno *hakuna* kwa mstari mmoja na kuandika juu yake. Hakumlaumu mtu. Alisema dawa ya kupaka ianze leo. Vidonge vinavyofaa zaidi hawezi kumpa msichana mwenye uzito huo. Uzito urudi kwanza, na hiyo inaweza kuchukua miezi. Makovu ya shavu la kushoto yamekwishachimbika. Yangewahiwa mwanzoni, pengine yasingekuwepo. Hakuna wa kuthibitisha.

"Lakini chakula hakihusiki?" baba aliuliza.

"Si kama alivyokata huyu. Maharage hayajamkosea mtu. Umeelewa, binti?"

"Nimeelewa," Swali alisema.

Mchana mama yake aliweka mezani mkate, mayai mawili na bakuli la maharage, akarudi kwenye cherehani ili mtoto asile akitazamwa. Babu alibaki, kwa kuwa Swali hakumwambia aondoke. Alikuwa amekaa mbele ya sahani, mikono juu ya meza, kila mmoja upande wake. Maharage yakaanza kufanya utando juu.

"Kula, mjukuu wangu. Umejionea mwenyewe."

"Nimeona. Arobaini na tatu. Na daktari nimemwelewa, sibishi." Aliutazama mkono wake wa kulia kama kitu kilichoachwa pale na mtu mwingine. "Akili imekubali, Babu. Mkono ndio hauendi."

Babu alivuta kiti, akaumega mkate, akaweka kipande kimoja upande wake na kingine, kidogo kuliko ukucha, upande wa Swali. Akala cha kwake. Akaumega tena, akaweka tena. Vipande vya Swali vikafika vitano, vikiwa mstari mmoja ukingoni mwa sahani, kabla hajachukua cha kwanza na kukiweka mdomoni. Alikitafuna kwa muda mrefu sana, macho yamefumbwa, na Babu akasubiri aone kama atakimeza.